Skani ya Wiki ya 20: Jinsi Mgongo wa Mtoto Unavyochunguzwa Kabla Hajazaliwa

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI

Mama mjamzito akirudi nyumbani kutoka skani, swali la kwanza analoulizwa mlangoni huwa ni moja: ni mvulana au ni msichana? Si swali baya. Lakini mtaalamu aliyekuwa akisogeza kifaa juu ya tumbo alikuwa akitafuta mambo mengine mengi: kama moyo una vyumba vyake vinne, kama kondo la nyuma limekaa mahali pake, na kama mgongo wa mtoto umefunga tangu shingoni hadi kiunoni.

Somo la toleo hili linahusu hilo la mwisho. Limeandikwa kwa wakazi wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, na hasa wa Mountain View, Kangemi na mitaa jirani ya kaunti ndogo ya Westlands. Mkazi akimaliza kulisoma anapaswa kujua mambo matatu: mgongo wazi ni nini, skani huuonaje, na kwa nini tarehe ya kwenda kliniki hubadilisha maisha ya mtoto.

Mgongo wazi ni nini?

Katika wiki za kwanza za mimba, ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa. Utando huo hujikunja, kingo zake zikakutana na kushikana, ukawa mrija. Sehemu ya juu ya mrija huwa ubongo na sehemu iliyobaki huwa uti wa mgongo. Kazi hii yote hukamilika siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa.

Wakati mwingine mrija haufungi. Usipofunga upande wa kichwani, ubongo na fuvu haviumbiki sawasawa, na mtoto wa namna hiyo hawezi kuishi muda mrefu baada ya kuzaliwa. Usipofunga upande wa mgongoni, mtoto huzaliwa na hali ambayo kitaalamu huitwa spina bifida. Kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa mgongo wazi.

Mgongo wazi una aina tatu kuu. Ya kwanza ni ile iliyofichika: pingili moja au mbili hazikufunga, lakini ngozi iko sawa na neva ziko mahali pake. Watu wengi huishi nayo bila kujua. Ya pili ni ya kifuko chenye maji kinachotokeza mgongoni, ambamo uti wenyewe haumo. Ya tatu ndiyo nzito: uti na neva zake hutokeza nje pamoja na kifuko. Mtoto mwenye aina hii anaweza kupoteza nguvu za miguu, kushindwa kudhibiti haja ndogo na kubwa, na mara nyingi hupata maji mengi kichwani, hali inayojulikana kama kichwa kikubwa.

Duniani kote, inakadiriwa kuwa watoto wapatao 300,000 hupata kasoro za mrija huu kila mwaka. Nyingi zingeweza kuzuiwa, na tutafika huko.

Hesabu ya kalenda

Tuchukue mfano. Mama mmoja alipata hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Januari. Wakunga huhesabu wiki za mimba kuanzia siku hiyo. Mimba yenyewe ilitungwa karibu tarehe 15 Januari. Mwishoni mwa mwezi huo alikosa hedhi, akadhani ni uchovu tu. Tarehe 12 Februari mrija wa mtoto wake tayari ulikuwa umefunga, au umeshindwa kufunga. Pengine mama huyu hajanunua hata kipimo cha mimba.

Tuendelee kuhesabu. Muda bora wa kuchunguza maungo ya mtoto kwa skani ni kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kwa mama wetu, hiyo ni kuanzia tarehe 7 Mei hadi 4 Juni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kila mjamzito apate angalau skani moja kabla ya kutimiza wiki 24, yaani kabla ya tarehe 18 Juni. Mtoto anatarajiwa tarehe 8 Oktoba.

Sasa tuseme mama huyu, kama wengi wetu, amesubiri "tumbo lionekane vizuri" ndipo aanze kliniki. Akifika mara ya kwanza katikati ya Julai, mimba ina karibu wiki 28. Atapimwa damu, shinikizo na mkojo, na atahudumiwa. Lakini dirisha la skani ya maungo limeshapita.

Hili si jambo la mama mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu wanawake wote wajawazito nchini, asilimia 98, huonwa na mhudumu mwenye ujuzi angalau mara moja. Waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66. Maana yake ni kwamba kliniki tunaijua na tunaiamini. Tatizo ni kuchelewa kuanza na kuacha njiani.

Skani inaonaje?

Mashine ya skani, ambayo kitaalamu huitwa ultrasaundi, hutumia mawimbi ya sauti yenye masafa ya juu mno kwa sikio la binadamu. Kifaa kinachoshikwa mkononi hutuma mawimbi hayo tumboni. Yakigonga mfupa hurudi kwa nguvu, na mfupa huonekana mweupe. Yakipita kwenye maji hayarudi, na maji huonekana meusi. Mafuta mazito yanayopakwa tumboni ni ya kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa, kwa sababu hewa huzuia mawimbi kupita.

Skani si eksirei. Haitumii mnururisho. Imetumika kwa wajawazito tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Ian Donald na wenzake huko Glasgow, Uskoti, walipochapisha picha zao za kwanza mwaka 1958. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza walianza kuitumia kutambua kasoro za ubongo na mgongo mtoto angali tumboni.

Mtaalamu akikagua mgongo, huutazama kwa urefu na kwa kuukata kimawazo kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate. Katika kila kipande, pingili iliyo sawa huonekana kama nukta tatu nyeupe zilizokaribiana. Pale mgongo ulipo wazi, nukta mbili za nyuma huachana zikafanya umbo la herufi V. Kifuko kikiwepo, huonekana kikitokeza nyuma.

Hata hivyo, mgongo wa mtoto wa wiki 20 ni mdogo, na mtoto anaweza kuulalia. Ndiyo maana ugunduzi wa mwaka 1986 uligeuza kazi hii. Kypros Nicolaides na wenzake jijini London walieleza kwamba mgongo wazi huacha alama kichwani. Maji ya uti huvuja kupitia tundu la mgongo, na sehemu ya nyuma ya ubongo huvutwa kushuka kuelekea shingoni. Matokeo yake ni alama mbili ambazo mkazi yeyote anayekwenda sokoni Kangemi anaweza kuzikumbuka.

Ya kwanza ni limau. Mifupa ya mbele ya fuvu hubonyea pande zote mbili, na kichwa kikikatwa kimawazo hufanana na limau lililochongoka ncha.

Ya pili ni ndizi. Ubongo wa nyuma, ambao kwa kawaida huonekana kama mipira miwili iliyoungana, hujipinda kama ndizi.

Mtaalamu akiona limau au ndizi, hurudi mgongoni na kuukagua tena kwa makini zaidi. Hupima pia vyumba vya maji ndani ya ubongo. Kipimo kikifika milimita 10 au kuzidi, uchunguzi zaidi unahitajika. Ikumbukwe kwamba alama ya limau mara nyingi hupotea baada ya wiki ya 24, na pia huweza kuonekana kwa mtoto asiye na tatizo. Kwa hiyo hakuna alama moja inayotosha kutoa hukumu, na kuchelewa hupunguza uwezo wa kuona.

Vipimo vingine

Kuna kipimo cha damu ya mama cha kutafuta protini iitwayo alfafetoprotini, ambayo hutengenezwa na mtoto. Mgongo ukiwa wazi, protini hii huvuja zaidi. Kipimo hufanywa baada ya wiki ya 15. Lakini kiwango hupanda pia kwa mama mwenye mapacha au ambaye wiki zake zilihesabiwa vibaya. Ni kengele ya tahadhari tu, hakithibitishi ugonjwa.

Skani ikiacha maswali, daktari anaweza kuomba picha ya emarai. Mashine hii hutumia sumaku na mawimbi ya redio, nayo pia haina mnururisho. Husaidia hasa pale maji ya uzazi ni machache au mtoto amelala vibaya. Ni kipimo cha ziada cha hospitali kubwa, wala si kila mjamzito anakihitaji.

Skani moja si sawa na nyingine

Hapa tunaomba msomaji awe makini. Siku hizi wakunga wengi nchini wamefunzwa kutumia vifaa vidogo vya skani vinavyounganishwa na simu. Hii ni hatua kubwa. Skani hiyo huonyesha umri wa mimba, idadi ya watoto, mapigo ya moyo, kondo la nyuma na namna mtoto alivyolala. Haikusudiwi kukagua maungo yote ya mtoto.

Skani ya maungo hufanywa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo na huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, unapopewa barua ya skani, uliza wazi: "Hii ni skani ya kuhesabu wiki, au ni ya kuchunguza maungo ya mtoto?" Na ripoti ikitoka, tazama kama imetaja kichwa na mgongo. Kama haikutaja, muulize muuguzi wako. Ni haki yako, na hakuna atakayekuona mjuaji.

Jambo jingine la ukweli: hata mtaalamu mzuri, kwa mashine nzuri, hawezi kuona kila kitu. Mgongo wazi uliofunikwa na ngozi ni mgumu kuonekana. Ripoti njema hupunguza hofu kwa kiasi kikubwa, lakini haimalizi haja ya kumkagua mtoto vizuri anapozaliwa.

Ikionekana, kuna faida gani kujua?

Wapo wanaosema heri kutojua. Tulinganishe njia mbili.

Katika njia ya kwanza hakuna aliyejua. Mtoto anazaliwa usiku katika kituo kidogo. Mgongoni ana kidonda kilicho wazi, na waliopo hawakujiandaa. Familia inashtuka, maneno yanaanza, na mama anarudishwa nyumbani huku wazee wakishauriana. Siku zinapita. Viini vinaingia kupitia kidonda hadi kwenye utando wa ubongo. Mtoto ambaye angeishi anafariki, au anabaki na madhara ambayo hayakuletwa na mgongo wenyewe.

Katika njia ya pili, skani ya wiki ya 20 iliona. Mama alielekezwa kwa daktari bingwa wa uzazi, akarudia skani, akaelezwa hali ilivyo na njia zilizopo kitabibu na kisheria. Familia ilipata miezi minne ya kuuliza, kulia, kupanga na kuweka akiba. Mtoto anazaliwa katika hospitali iliyomsubiri. Kidonda kinafunikwa mara moja kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi ya hospitali, mtoto analazwa kwa tumbo au ubavu, na upasuaji wa kufunga mgongo unafanywa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 48.

Neva zilizokwisha kuumia hazirudi zote. Lakini tofauti kati ya njia hizi mbili inaweza kuwa uhai, na kwa wengi ni tofauti kati ya mtoto anayekwenda shule na yule asiyefika.

Msaada uko karibu kuliko tunavyodhani. Barabara ileile ya Waiyaki inayopita mbele ya Mountain View, ukiifuata kupita Kikuyu na Limuru, inakufikisha Kijabe katika Kaunti ya Kiambu, ambako kwa miaka mingi madaktari wamewafanyia upasuaji watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa. Jijini tuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Na jirani zetu wa Uganda wameifundisha dunia: katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, daktari Benjamin Warf alianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia ya kutibu maji kichwani kwa kamera ndogo, bila kumwachia kila mtoto mrija wa kudumu unaoweza kuziba akiwa kijijini mbali na hospitali.

Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mgongo ukifungwa mtoto angali tumboni, kabla ya wiki ya 26, wachache zaidi huhitaji mrija wa kichwani: asilimia 40 wakilinganishwa na asilimia 82. Upasuaji huo una hatari zake kwa mama, ikiwemo kujifungua kabla ya wakati, na si huduma ya hospitali zetu za kaunti. Tunautaja ili msomaji aone kwamba hata huko hauwezekani bila skani ya mapema.

Kuzuia huanza kabla ya mimba

Skani huona, haizuii. Kinachozuia ni asidi foliki, vitamini inayousaidia mrija kufunga. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walithibitisha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hili, wakitumia asidi foliki kabla ya mimba na mwanzoni mwake, hupunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72.

Kila mwanamke anayeweza kushika mimba anashauriwa kupata mikrogramu 400 kwa siku, akianza angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi kwa maelekezo ya daktari. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki ni vizuri na vimezwe vyote, lakini kumbuka kalenda yetu: anayevianza mwezi wa tano anasaidia damu yake, si mrija wa mtoto uliokwisha kufunga.

Tangu 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubisho, ikiwemo asidi foliki. Unga wa kusagiwa posho mill kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Hatusemi uache kusaga mahindi yako. Tunasema kama huo ndio unga wa nyumbani, vidonge vina umuhimu zaidi. Maharagwe, ndengu, sukuma wiki na mchicha vina foliki ya asili. Usiyachemshe majani mpaka yapoteze rangi.

Kuna dawa zinazoongeza hatari, hasa valproeti inayotumiwa na wenye kifafa. Usiiache ghafla, kwani kifafa kisichotibiwa nacho huua. Zungumza na daktari kabla ya kupanga mimba. Mwenye kisukari afanye vivyo hivyo. Kwa akina mama wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi: mwaka 2018 taarifa kutoka Botswana zilitia hofu kuhusu dolutegravir na mgongo wazi. Takwimu zilipoongezeka hofu hiyo ilipungua, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza dawa hiyo kwa wote. Usiache dawa zako.

Neno kwa baba, mama mkwe na majirani

Mgongo wazi si laana, si uchawi, wala si malipo ya kosa la mama. Ni mrija uliokosa kufunga katika siku 28 za kwanza, wakati hakuna aliyejua. Kumlaumu mama hakufungi mgongo; humfukuza kliniki, na mtoto ndiye hulipa. Baba, mpe mama nauli ya skani mapema na, ukiweza, mfuate. Mama mkwe, mwambie mkaza mwana aanze kliniki akikosa hedhi, asingoje tumbo.

Hatua za kuchukua

1. Ukikosa hedhi, pima na uanze kliniki kabla ya wiki ya 12. Wakazi wa Westlands wanaweza kuanzia Kituo cha Afya cha Kangemi au cha Westlands. Uliza kama skani hufanywa hapo au utaelekezwa kwingine.
2. Andika tarehe ya hedhi ya mwisho katika kijitabu cha mama na mtoto, uhesabu wiki 18 na 22, na uzizungushie duara kwenye kalenda.
3. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, na uulize mapema ni huduma zipi zimelipiwa katika kituo chako.
4. Kama kuna mtoto wa aina hii katika ukoo, mweleze muuguzi siku ya kwanza.
5. Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, usipake dawa yoyote ya kienyeji wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

Yajadilini nyumbani au katika mkutano wa chama.

1. Kwa nini vidonge vya foliki vinavyoanzwa mwezi wa tano haviwezi kuzuia mgongo wazi?
2. Limau na ndizi huonekana wapi, na huashiria nini?
3. Hedhi yako ya mwisho ikiwa tarehe 1 Machi, skani ya maungo ifanywe kati ya tarehe gani na gani?

Jibu la swali la tatu ni kati ya tarehe 5 Julai na 2 Agosti. Ukilipata bila kusaidiwa, mfundishe jirani.